Funga ya Mnara

Saa nne na robo ya asubuhi, Jumapili, tarehe nane Agosti, mwaka wa sabini na moja, na aliyeitaja saa hiyo ni mdogo wake Bakar, kwa sauti ya karani wa mahakama, "Saa nne na robo, Bi Kazija binti mamangu kaingia pangoni, mashahidi mpo?" na binti yake Mwanakheir akajibu, "Tupo, Mjomba," na mjukuu wake Kidawa akadakia, tupo, tupo, na kicheko chao kikaenda mbali, kikakawia huko kilikokwenda, kikarudi kama kimelowa, lakini Bi Kazija mwenyewe hakuona kitu, maana macho alikuwa ameyafumba, ameyafumba tangu pale ngazi zilipokata kona na jua likabaki mgongoni, wala hakuwa na nia ya kuyafumbua, si sasa, bado kidogo, wacha wadhani anasoma dua, na kweli midomo ilikuwa ikienda, ila moyo haukuwamo katika dua, moyo ulikuwa umesimama kama mtu aliyeitwa kusikiliza hukumu, kwa sababu akifumbua ataona, na akiona atajua, kama pango hili ni kubwa kama alivyolisema Miraji au ni shimo tu kama mashimo mengine ya mawe, na ikiwa ni shimo, basi mume wake wa miaka thelathini alikuwa mtu wa kuongeza maneno, na yeye Kazija aliapa kwa jina la Mungu juu ya maneno ya kuongezwa, mbele za watu, siku ya Idi, na sahani ya pilau mkononi... basi ayafumbue ya nini? Akae hivi hivi, viatu mkono wa kushoto, mkono wa kulia umeshikwa na wifi yake Mwatima, dada wa marehemu, mkono mkavu wa mtu aliyesokota kamba za usumba tangu utoto, lakini vidole ni vile vile, vifupi, vinene kwenye ncha, vidole vya Miraji, Mungu alivikata kwa kipimo kimoja akawagawia ndugu wawili, na vidole hivyo vikambana, "Wifi, hapa pana utelezi, kanyaga nnapokanyaga mie," "Nitakanyagaje na sioni?" "Si ufumbue macho!" "Bado," "Haya, bado, pango halina miguu, haliendi pahala," na Mwatima akacheka, mwanamke huyu hucheka kwa kila jambo, hata kule juu, mlangoni pa pango, aliposimama akapaza sauti, "Hodi! Hodi huko ndani! Tunao wanaume!" na Bi Kazija akarudi nyuma, akasema, wifi, mimi mtu wa sala, sipigi hodi kwa mizimu, Mwatima alijishika kiuno kwa kucheka, "Mizimu gani tena? Wanawake wa kijiji wanakoga humu, unataka Bakar awakute wazi?" na Bakar akasema yeye hana haraka, wapewe nafasi wajistiri, lakini alisema huku akiiweka sawa kofia yake na kuzipapasa ndevu zake, mzee mzima, na Mwanakheir akamvuta kanzu, "Mjomba, haya!"... na humo ndani hamkuwamo mtu, na ngazi zikaanza, na baridi ikaanza, baridi iliyompanda kutoka nyayo mpaka magoti, baridi ya mtungi uliokaa kivulini, na hapo ndipo alipoyafumba, maana baridi hiyo aliijua, aliisikia miaka yote ikisimuliwa, na aliyeisimulia alikuwa mtu wa joto, Miraji, mchoma mikate ya mofa, Mombasa, mbele ya tanuri lake la udongo, asubuhi na jioni, mkono unaingia motoni na kutoka, mkono unaingia na kutoka, vinyweleo vya mkono viliungua vyote siku za ujana havikuota tena, na wateja wamepanga mstari wanajipepea kwa mapeto yao ya kutilia mikate, naye jasho linamtiririka, anawaambia, nyie mnasema joto, kwetu Unguja, upande wa kusini, kuna pango, ukishuka unatetemeka meno, pango hilo ukiuchukua msikiti wa mtaa huu unaingia, na mnara wake, na ndani yuko ajuza wa jiwe, Mungu kamuumba jiwe, ameinama kwenye kinu anatwanga, mchi uko mkononi, na maji yake matamu, ukiyanywa yanakukata meno, na watu wakacheka, wakanunua mikate, na haukupita muda jambo lolote lililozidi kiasi likaitwa la pango la Miraji, muuza samaki akisema jodari wangu alikuwa mkubwa kama mlango watu humuuliza, "Ulimvua kwenye pango la Miraji?" na Miraji mwenyewe hucheka pamoja nao, hucheka, lakini Bi Kazija alikuwa mkewe, alikiona kicheko hicho jinsi kinavyoishia midomoni... "Bibi! Bibi, fumbua macho, njoo uone!" "Nakuja, Kidawa," "Huji, umesimama!" ndiyo, nimesimama, mwanangu, nimesimama siku ya Idi ile, nyumbani kwa mama, watu wamekula wameshiba, na Bakar, huyu huyu Bakar anayetembea sasa humu ndani kwa viatu vyake vya kuliza, ambaye kazi yake ni uashi na kila kitu hukipima kwa jicho, akasema, "Shemeji, hebu tueleze, maana mimi naona pango linakua, nilipooa uliniambia unaingia msikiti, sasa umeingia na mnara, mwaka kesho utatwambia unaingia na maduka yake?" na nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko, hata mama, Mungu amrehemu, mama aliyekuwa hacheki, na Miraji akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika kipande cha mkate, na mkono ukaanza kuukatakata mkate ule vipande vidogo vidogo, chembe, unga, mtu wa mikate huyo, mtu asiyeweza kuona kipande chini asikiokote, anauvunja mkate kwa vidole vyake mwenyewe, na Kazija akaona, akasimama na sahani, akasema kwa sauti ambayo hakujua kama anayo, Wallahi, pango hilo lipo, na msikiti unaingia, na mnara wake... na Bakar akasema polepole, "Dada, umeapa?" akasema, nimeapa, na toka siku ile hakuna aliyemcheka Miraji mbele yake, lakini yamini ni yamini, ilikuwa imeandikwa, malaika hawaandiki kwa penseli wakafuta... na baridi ya pango ilikuwa sasa kifuani, na tone la maji likaanguka mahali, kisha jingine, kila tone na mlio wake, moja karibu kama mtu anayegonga kikombe, moja mbali, mbali sana, lakini sauti pangoni hudanganya, hata kisima kidogo hujifanya kikubwa ukikipigia kelele, usiamini masikio, Kazija, masikio ndiyo yaliyokuponza... na viatu vya Bakar vikasimama. Vilikuwa vikilia tangu waingie, kwi, kwi, na sasa kimya, Bakar anatazama, Bakar anapima, alikuja kwa ajili hiyo, alikwisha kusema kule Mombasa walipokuwa wakihangaikia karatasi za safari, maana zamani mtu alivuka kwenda Unguja kama anayekwenda sokoni, sasa ni nchi mbili, ni mihuri na maswali, unakwenda kwa nani, unarudi lini, Bakar akasema, "Nitakwenda nawe dada, siwezi kukuacha ukalione peke yako," na melini alikaa kimya akitazama maji, na mjini Unguja, kwenye nyumba ya jamaa walikolala, alizigusa kuta nene za mawe na chokaa kwa kiganja kama mtu anayemjulia hali mgonjwa, na leo ndani ya gari, walipopita msitu wa Jozani na Kidawa akapiga kelele, "Bibi, kima wale wamevaa makoti mekundu!" kila mtu alicheka isipokuwa yeye, kwa nini anyamaze mtu wa maneno kama Bakar, kwani yeye naye anaogopa? Anaogopa nini, yeye hakuapa... aliyeapa ni mimi, na aliyefunga ni mimi, na hilo hamlijui, hata wewe Mwanakheir hulijui, kwamba Miraji alipoketi ile siku kwenye gunia la unga, wiki moja baada ya Idi ya Hijja ya mwaka huu, akasema, Kazija, nipe maji, na maji yalipofika mkono ulikuwa hauwezi kushika tena, kwamba baada ya kumzika, na baada ya eda kwisha, miezi minne na siku kumi nyumba iko kimya na tanuri lina majivu baridi, kitu cha kwanza kilichonitoa nje si kaburi lake, Mungu anisamehe, ni yamini ile, nilikwenda kwa maalim nikakaa nyuma ya pazia, nikamwambia, maalim, mtu akiapa juu ya kitu asichokiona, naye akasema, "Bi Kazija, ulipoapa, moyo wako ulikuwa wapi? Ikiwa uliamini, huna kitu, nenda nyumbani kalale. Ikiwa ulijua si kweli, hilo ni zito, utubu na utoe kafara," na nikatafuta moyo wangu wa siku ile, nikautafuta kama anayetafuta sindano kwenye mkeka, moyo wako ulikuwa wapi, Kazija, uliamini, au uliona tu mkono wa mumeo unavunja mkate, na sikujua, wallahi... tazama, unaapa tena... sikujua, na kuwalisha maskini kumi sikuwa na uwezo, tanuri limezimwa, basi nikafunga siku tatu, kwa tahadhari, na siku ya tatu nilipotia tende kinywani jua likizama nilihisi tende ile inanikwama, nikajiona mwanamke mbaya, maana nilikuwa nimemtolea mume wangu kafara ya uongo ambao hakuna aliyemthibitishia, nimemhukumu na hayupo kujitetea, na yeye ndiye aliyesema mpaka anakufa... "Huyu hapa! Huyu hapa! Bibi, nimemuona ajuza wa babu!" sauti ya Kidawa ikatoka juu kushoto, ikazunguka, ikaja tena kwa nyuma, na moyo wa Bi Kazija ukaruka, yupo, ajuza yupo, "Ameinama! Na kinu anacho! Lakini, Bibi... hana mchi," hana mchi, "Babu Bakar, tazama, mkono upo, mchi haupo," na Mwanakheir akasema upesi, kwa sauti ya mtu anayefunika chungu kisimwagike, "Si neno, Kidawa, pengine ni upande mwingine," hana mchi, basi, moja limeshapungua, na mnara bado, na Mwatima pale ubavuni akaanza kutikisika, anacheka tena huyu, anacheka nini, "Ah, wifi yangu, mchi ulikuwapo, mchi tuliuvunja sie! Mie na Miraji! Tulikuwa wadogo kama huyu Kidawa, tukashindana nani ataulenga kwa jiwe, akaupiga yeye, ukaanguka majini, tumbwi! Baba alitucharaza kwa kuti mpaka tukawa hatukai, na Miraji alilia siku mbili, si kwa fimbo, alimlilia bibi wa watu, akasema, sasa atatwangia nini?" na Bakar akacheka kule alikokuwa, kicheko kifupi, na Bi Kazija akasimama palepale gizani mwake, miaka yote ile, mchi uko mkononi, ndivyo alivyokuwa akisema, hakusema hata siku moja kwamba umevunjika, mbele ya tanuri, jasho linamtoka, kila siku anamrudishia ajuza wa watu mchi wake... je, huo ni uongo? Maalim, huo nao una kafara? Na kitu kikamgusa mdomoni, kitu kigumu, kilichopinda, kinachonukia nazi na maji, "Kunywa, wifi, hayo ndiyo aliyonyonya mumeo kabla ya kujua kusema Bismillahi," ni kata, akasema Bismillahi, akanywa na macho yamefumba, na maji yakamkata meno... yakamkata meno kweli, ya mbele na ya nyuma, mpaka kwenye paji la uso, na akasimama na maji mdomoni, hayamezi, kwa sababu maji mengine yalikuwa yamekuja juu ya haya, maji ya mtungi wa baraza ya msikiti, siku ile ile ya Idi, wanarudi nyumbani na jua ni kali, Miraji kasimama akateka kwa kata akampa yeye kwanza, kisha akamuuliza, bila ya kumtazama, Kazija, mbona umeapa, na hukuliona? Swali hilo alilikumbuka siku zote, lilikaa naye eda nzima, lakini jibu lake mwenyewe lilikuwa limepotea, alijibu nini, alinyamaza, alicheka, alisema twende tumechelewa, na sasa, na baridi hii mdomoni, akajiona akiifuta midomo kwa ncha ya leso, akajisikia akisema, wala hakufikiri, lilimtoka kama mtu anayetaja jina la baba yake, "Aliyeliona kaniambia." Hivyo tu. Aliyeliona kaniambia. Na Miraji aliyachukua maji yaliyobaki akajimiminia kichwani na kofia yake ya Idi ikalowa, akatembea njia nzima anadondoka maji na anatabasamu kama mwendawazimu, na watu wanamuuliza, Miraji, kuna mvua?... Maalim, moyo wangu ulikuwa hapo. Ulikuwa hapo wakati wote, barazani, na kata mkononi, kwani Pepo nimeiona? Moto nimeuona? Aliyeviona kaniambia, nikaamini, na huyu naye, katika kidogo chake, aliona akaniambia, nikaamini, nimefunga bure... akameza, na maji yakashuka kifuani yote kwa pamoja, na akafumbua macho.

Kwanza aliona buluu. Chini, karibu na miguu yake, maji yaliyolala bila ya kukunjika, buluu kama nili aliyoitia mwenyewe katika kanzu nyeupe, na ndani ya maji akaona mawe yananing'inia, akadhani ni vitu vilivyozama, mpaka alipoinua kichwa, akakiinua tena, na tena, na leso ikamwanguka mabegani, maana mawe yalikuwa juu, mamia, yameshuka kutoka dari kama mishumaa ya walimwengu wote imeyeyuka ikagandia hapo, mengine yamefika chini yakawa nguzo, meupe, ya rangi ya maziwa, ya rangi ya mkate ulioiva upande mmoja, na mizizi ya miti ya juu imeyapasua mawe ikateremka kutafuta maji, mirefu, wima, kama kamba za kisima zilizosahauliwa, na pale juu kabisa tundu, duara, na jua linaingia kwa tundu hilo kama mhimili, unaweza kusema ukiuegemea utakushika, na vumbi la mwanga linapanda na kushuka ndani yake, na popo wamelala zao kando, hawana habari, na ajuza yule, ajuza masikini, ameinama kwenye kinu chake pembeni na mikono yake mitupu, anangoja, na Kidawa yuko chini yake, anaonekana mdogo kama bata... Subhanallah, ni kubwa, ni kubwa, Miraji, ni kubwa kuliko kinywa chako, na katikati ya ukubwa huo amesimama Bakar, kofia mkononi, shingo imepinda nyuma, na shavu lake limelowa, na labda ni tone la dari, labda, na akasema bila ya kugeuka, na sauti haikuwa ya karani tena, "Dada." "Naam, Bakar." "Msikiti unaingia." Akaizungusha kofia mkononi. "Unaingia, na ukumbi wake, na birika la udhu, na baraza, na nafasi ya watu kuvulia viatu inabaki." "Na mnara?" akauliza Mwanakheir, mtoto huyu, angenyamaza basi! na Bakar akafumba jicho moja, akanyoosha dole gumba mbele ya uso, akapima, mnara ule aliupaka chokaa yeye, mara mbili, aliujua kama mguu wake, akapima tena kuanzia maji mpaka dari, na akashusha mkono. "Mnara..." akasema, "Kweli ni kweli. Mnara unaingia mpaka pale anaposimama mwadhini. Hapo kichwa kinagonga." Tone likaanguka, na Mwatima akaweka kata chini, akashika kiuno, akasema, "Kichwa kinagonga wapi, na tundu si hilo hapo juu? Utauweka pale katikati, kichwa kitokee nje, mwadhini aadhini juani, kwani mlitaka amuadhinie nani humu, popo?" na Bakar akatazama tundu, akatazama maji chini yake, akatazama tundu tena, kama fundi aliyeonyeshwa kosa kwenye ukuta wake, na akakaa kitako juu ya jiwe, akapiga paja, "Umeingia! Shemeji, umeingia! Mwanamume yule... na mnara wake!" na akacheka, akacheka huku anajifuta macho kwa kofia, na Mwanakheir akacheka, na Kidawa akacheka kwa kuwa wengine wanacheka, na Bi Kazija akasikia kitu kinapanda kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu tangu lile gunia la unga, kikapita kifuani, kikapita pale tende ilipokwama, kikatoka, kicheko, kicheko chake mwenyewe, kikaenda mbali kuliko vya wenzake, kikawagusa popo, kikazunguka nyuma ya ajuza, kikarudi kwake, na bado hajasogea, yupo pale pale, viatu mkono wa kushoto, mkono wa kulia katika mkono wa Mwatima, wala hakuna aliyejua kwamba alikuwa amekwenda na kurudi, na siku zile tatu je, akajiuliza katikati ya kucheka, zile nilizofunga? Kile kichwa cha mnara kinachotokeza nje, kama ni cha kuongezwa, basi siku tatu zinakitosha, ni haki yake, na kama si cha kuongezwa, ee Mola, zisirudi kwangu, mpe mwenyewe, mwambie zimetoka kwa Kazija, na akainua viganja, viatu na vyote, kwa kuwa hakukumbuka kuviweka chini, na Mwatima akainua vyake, na Bakar akaivaa kofia, na Bi Kazija akaomba polepole, kama alivyosema kila kitu maishani mwake polepole, ee Mola wetu, mghufirie mja wako Miraji, alikaa na moto wa duniani mpaka ukamla vinyweleo, usimuonyeshe moto mwingine, mpoze, mnyweshe maji yatakayomkata meno, na wazee wake na wazee wetu uwajumuishe naye, na kaburi lake, ee Mwenye nafasi, tumemlaza pahala pembamba, mikono yetu haikuweza zaidi, wewe lipanue, lipanue kama pango hili, ulitoboe juu mwanga wako uingie, na msikiti uingie, na mnara wake, amin.